Kanuni ya Shaushi Mahdi

Mwaka 1937, huko Kibra, alikuwepo mzee mmoja aliyekamua ng'ombe wake kwa amri. Ndiyo, kwa amri! Jina lake Mahdi, askari mstaafu. Watu walimwita Shaushi, maana yake sajini katika lugha ya wale askari wa Kisudani waliopewa makao Kibra. Jeshi alikuwa ameliacha miaka mingi, lakini ulimi wake ulikuwa bado kambini.

"Simama wima!" alimwambia ng'ombe.

Ng'ombe akamchapa na mkia usoni.

"Huyo hajaapishwa, Baba Nuria," mkewe Bakhita alisema kutoka jikoni, akigeuza mkate wa gurusa. "Mwache akojoe kwanza."

Mahdi hakucheka. Alipenda utaratibu. Na kitu alichojivunia kuliko vyote hapa duniani, kuliko hata medali zake, kilikuwa karatasi moja ndani ya kopo la tumbaku. Karatasi hiyo ilikuwa kanuni, na kanuni hiyo ilikuwa yake. Aliitunga miaka mitatu nyuma, baraza la wazee wa Kibra likaipitisha. Ilisema hivi:

"Yeyote atakayetamka neno la dharau juu ya dini, atatoka Kibra ndani ya siku saba."

Basi. Hakuna zaidi. Mzee mmoja alikuwa ameuliza, "Je, kama mtu anatania?" Mahdi akamjibu, "Kanuni yenye 'isipokuwa' ni kama ndoo yenye tundu." Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Maneno hayo yaliwaingia.

Mtu wa kwanza kukumbwa na kanuni hiyo alikuwa Githinji, mhubiri kutoka Kawangware. Kila Jumanne Githinji alisimama sokoni, akaimba, akahubiri. Siku moja alisema kwamba kufunga hakufai kitu ikiwa mdomo usiokula ugali unakula watu. Mahdi alikuwa karibu, anauza maziwa. Akaruka juu. "Ametukana saumu!" Githinji akafukuzwa sokoni, na hakuonekana tena. Kwa kuwa hakuwa mkazi wa Kibra, hakuwa na nyumba ya kuondoshwa.

Sasa sikiliza mambo ya arusi.

Jirani mmoja alimwoza binti yake. Wanawake walitoa doluka, ile ngoma yao kubwa, wakaipiga mpaka vumbi likapanda. Katika doluka kuna desturi. Kiongozi wa wimbo humchagua mtu mwenye cheo, akamtania mbele ya watu. Mwenye kutaniwa hucheka, akaja, akabandika senti kwenye paji la uso la mwimbaji. Yameisha. Kukasirika ni aibu.

Kiongozi siku hiyo alikuwa Bakhita. Akamtazama Taha, muadhini wa msikiti. Wiki ile Taha alikuwa amechelewa kuadhini alfajiri tatu, na watu walidhani amepitiwa na usingizi. Bakhita akaanza:

"Taha wetu, Taha wetu, sauti yake asali,
Ila jua limefika, na kuku wameshasali!"

Loo! Watu walivunjika mbavu. Mama mmoja alikaa chini katikati ya uwanja, akashindwa kuinuka. Mahdi naye alicheka mpaka tarabushi likamdondoka. Tena yeye ndiye aliyekwenda kubandika senti, kwa niaba ya Taha, kwa sababu Taha hakuja. Taha alikuwa ameshaondoka, viatu mkononi.

Kesho yake mchana, Taha alifika kwa Mahdi pamoja na Effendi Yusuf, mkuu wa baraza.

"Karibuni," Mahdi alisema. "Bakhita, lete chai!"

"Chai baadaye," alisema Effendi Yusuf. Hakuwa na raha. "Shaushi, tumekuja kwa kanuni yako."

Mahdi akafurahi. Akaingia ndani mbio, akatoka na kopo la tumbaku. "Nani tena? Nani amethubutu?"

"Mkeo," alisema Taha.

Mahdi alisimama na kopo mkononi.

"Alisema kuku wamesali," Taha aliendelea. "Sala ni ya kuku? Ameidharau sala. Ameidharau adhana."

"Lakini ile ni doluka, Taha! Ni utani!"

Effendi Yusuf akakohoa. "Shaushi, kanuni haisemi 'isipokuwa doluka'. Sisi tulitaka kuiweka hiyo 'isipokuwa'. Ukatuambia habari za ndoo." Akainuka. "Baraza litakaa Ijumaa. Tena nimeambiwa kuna mtu alimtuza. Huyo naye tutamtafuta."

Mahdi alifunga kopo polepole.

Bakhita alikuwa mlangoni na birika la chai. Alikuwa amesikia yote. Wageni walipokwenda, alimimina vikombe vyote vitatu, akanywa kimoja mwenyewe.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu," alisema.

"Mama Nuria, tafadhali."

"Siku saba, Baba Nuria. Niende wapi?" Hapo mzaha ulimtoka usoni. "Mkikuyu akifukuzwa hapa, ana kwao. Mjaluo ana kwao. Mimi baba yangu alizikwa pale, nyuma ya msikiti. Mama yangu yuko pale. Wanangu nimewazalia chumbani humu. Wakinitoa Kibra, nitashukia kituo gani?"

Mahdi alilitazama kopo la tumbaku. Aliogopa. Alikuwa amepigana vita viwili, na hakuwahi kuogopa hivi.

Jioni akaja Naftaly, mteja wake wa maziwa kutoka Kawangware. Naftaly alikuwa mkalimani mahakamani mjini. Kazi yake ilikuwa kusikiliza ugomvi wa watu kutwa nzima, kisha kuurudia kwa lugha nyingine. Mahdi alimvuta pembeni ya zizi.

"Naftaly, wewe unajua sheria. Niandikie maneno machache tu ya kuongeza kwenye hii karatasi."

"Maneno gani, Mzee?"

"'Isipokuwa mke wa Shaushi Mahdi.'"

Naftaly alitazama chini kwa muda ili asicheke. "Mzee, hiyo si sheria. Hayo ni mapendeleo. Kesho kila mume ataleta kalamu yake."

"Basi nifanyeje? Serikali nayo si ina sheria ya kuikinga dini?"

"Inayo. Nimeitafsiri mara nyingi. Lakini hakimu huanza kwa kuuliza: huyu alikusudia kuuumiza moyo wa mwenziwe kwa ajili ya dini yake? Shahidi yuko wapi? Asipoona kusudi, humwachilia. Kanuni yenu inauliza nini?"

Mahdi alifikiri. "Inauliza nani amekasirika."

"Haya. Na hasira haina mizani. Leo Taha amekasirika, kesho wewe."

"Lakini tukiifuta, watu si watatukana dini barabarani? Si tutaonekana makafiri?"

"Hata kwao Waingereza, wabunge wamebishana juu ya sheria ya kukufuru, ifutwe au ibaki. Hawakuifuta. Lakini walibishana, na hakuna aliyepigwa radi. Kubishana juu ya sheria si kumtukana Mungu, Mzee. Sheria tumeandika sisi."

Naftaly akainua mtungi wake. "Yapo mambo ya kukataza. Kuvuruga watu wakisali. Kuharibu msikiti au kanisa. Kufukua makaburi. Hayo ni matendo, yanaonekana kwa macho. Yaacheni yakatazwe. Lakini neno tu, na kumfukuza mtu kwao? Waulize wazee: tangu muwe na kanuni hii, mmewashika watukanaji wangapi?"

Ijumaa baada ya sala, baraza lilikaa uwanjani kando ya msikiti. Kumbuka hawa walikuwa askari wastaafu. Hawakuketi ovyo. Walipanga viti kwa safu, wenye vyeo mbele. Wanawake walisimama nyuma ya ua wa mabua, na ua ule ulikuwa na masikio mengi.

Effendi Yusuf alisoma mashtaka. Kisha akauliza, "Kuna neno?"

Mahdi alisimama. Goti lilimlia. "Effendi, naomba kanuni ifutwe."

Minong'ono ikazuka kila upande. Mzee mmoja akasema, "Kwa sababu imemgusa mkeo!"

"Ndiyo," alisema Mahdi. "Kwa sababu hiyo. Ingemgusa mkeo, wewe ndiye ungesimama."

"Ikifutwa, dini yetu italindwa na nani?" aliuliza mwingine.

"Tangu ipite, tumepata kesi ngapi?" Mahdi aliuliza.

Effendi Yusuf akafungua daftari. "Tisa."

"Tusomee."

Effendi Yusuf alisoma, na kadiri alivyosoma, ndivyo sauti ilivyopungua. Mmoja alishtakiwa kwa kusema mbuzi wa jirani ana ndevu za shehe. Mshtaki alikuwa jirani huyo, na wawili hao walikuwa wakigombania mpaka wa shamba. Mwingine alishtakiwa kwa kupiga chafya wakati wa hotuba. Alikuwa na mafua. Mama mmoja alishtakiwa na mke mwenza. Na kadhalika, mpaka ya tisa.

"Na katika hao tisa, nani alimtukana Mungu?" Mahdi aliuliza.

Wazee wakatazamana. Ndipo mtu mmoja akajitokeza nyuma, kofia mkononi. Alikuwa Githinji! Naftaly alikuwa amempasha habari.

"Wazee, samahani," alisema Githinji. "Naomba msiifute leo. Ngojeni kidogo. Mimi nina kesi tatu."

"Juu ya nani?" aliuliza Effendi Yusuf.

"Juu ya Shaushi Mahdi. Alisema nyimbo zetu za kanisani ni kilio cha mbuzi aliyenasa kwenye seng'enge. Mara tatu alisema, Jumanne tatu. Kanuni inasema 'dini'. Haikusema dini ipi."

Nyuma ya ua wa mabua, wanawake walicheka mpaka mabua yakatikisika. Effendi Yusuf aliichukua karatasi, akaisoma tena, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Ni kweli. Haikusema dini ipi.

"Shaushi, ulisema hayo?"

Mahdi alipangusa jasho. Angeweza kukana. Lakini alitupa macho kwenye ule ua, akajua Bakhita amesimama pale, hana pa kwenda.

"Nilisema," alijibu. "Na nitasema na lingine, nalo linanitia aibu. Wazee, niliwaambia naitunga kanuni kwa ajili ya Mungu. Si kweli. Githinji alipoanza kuimba, wateja wangu walihama kwenda kumsikiliza. Maziwa yakaganda. Nikatafuta njia ya kumwondoa, nikaona dini ndiyo njia ambayo hakuna atakayenipinga. Mungu hakunituma. Maziwa ndiyo yaliyonituma. Githinji, nisamehe."

Githinji alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, si kwa hilo. Aligeuza kofia mkononi. "Nimekusamehe," alisema. "Lakini kweli, sauti yangu ni ya mbuzi?"

"Si yako. Ya yule mzee mnene anayeitikia."

"Ah, huyo," alisema Githinji. "Huyo hata sisi anatusumbua."

Effendi Yusuf akamgeukia muadhini. "Taha, wewe ndiye mshitaki. Sema kweli mbele ya watu. Dini ilitukanwa?"

Taha alitazama viatu vyake. Kisha akasema, "Hapana. Nilichekwa. Kuchekwa kunauma, Effendi. Najua nilichelewa. Macho yangu yamezeeka, sioni alfajiri ikipasuka, na niliona haya kuwaambia. Nilidhani mtampa kazi hiyo mwingine."

Hakuna aliyecheka sasa. Mahdi alimwendea, akakaa karibu naye.

"Ungeniambia, ndugu yangu. Mimi huamka kabla ya ng'ombe. Nitakugongea dirisha."

"Kwa amri?" aliuliza Taha.

"Taratibu," alisema Mahdi.

Wakaingia kwenye kura. Katika baraza lile kura ilipigwa kijeshi. Effendi Yusuf alisimama wima, akaita: "Wanaotaka kanuni ifutwe, hatua moja mbele, kwenda!" Mahdi alipiga hatua, goti likalia tena. Wengine wakafuata, mmoja hapa, wawili kule. Wazee wanne walibaki nyuma, wamekunja uso, na hiyo ilikuwa haki yao. Wa mwisho kupiga hatua alikuwa Taha. Kanuni ikafutwa, makofi yakapigwa. Mahali pake waliandika nyingine, ya kukataza kuwavuruga watu wanaosali, wawe wa dini yoyote, na kuharibu nyumba za ibada na makaburi. Naftaly aliiandika. Githinji akaruhusiwa kurudi sokoni Jumanne.

Mahdi alikwenda nyumbani kwa haraka. Alimkuta Bakhita ameshatangulia, ameketi juu ya sanduku la nguo lililofungwa kamba. Alikuwa bado amevaa viatu vya safari.

"Imefutwa!" alisema Mahdi. "Umesikia? Hutoki!"

"Makofi nimeyasikia, maneno sikuyasikia vizuri. Wanawake walikuwa wanapiga vigelegele." Hakuinuka. "Imefutwa kwangu tu, au kwa watu wote?"

"Kwa watu wote."

"Hata Waceke, yule wa Kawangware anayeuza viazi na kukuita kafiri?"

Mahdi alimeza mate. "Hata Waceke."

Bakhita alimtazama machoni kuona kama anadanganya. Kisha akaanza kufungua kamba ya sanduku.

"Basi nitakaa," alisema. "Ingefutwa kwangu peke yangu, ningeondoka. Maana kesho mngemkasirikia mwingine, naye hangekuwa mke wa mtu aliyeiandika kanuni."