Kifaa cha Sita

Ujumbe uliingia idara ya maji Jumatatu, saa sita na dakika ishirini mchana. "Nimetia sumu kwenye tangi kuu. Fungeni maji sasa hivi. Msingoje."

Walifunga. Ilipofika saa saba mji mzima ulikuwa mkavu. Hospitali iliahirisha upasuaji, shule zikawarudisha watoto nyumbani, na ndoo zikapangwa foleni mbele ya kila nyumba yenye kisima.

Jumanne asubuhi kampuni ya mtandao ikajibu polisi: ujumbe ulipitia intaneti ya nyumba moja nyuma ya kituo cha pampu. Mwenye nyumba ni mfamasia. Tena Jumatatu hiyo mchana alirudi nyumbani kula. Mfamasia, sumu, saa sita. Kufikia adhuhuri alikuwa mahabusu, na mtaani hukumu ilikuwa imeshatoka.

Jalada likamfikia inspekta ambaye wenzake walimwita Kobe, mama wa makamo asiyekuwa na haraka hata jengo likiwaka moto. Aliusoma ujumbe mara tatu, kisha akamsukumia sajenti wa uhalifu wa mtandao, mwanamume mwenye upara na miwani ya kusomea.

"Anayetaka kuua hapigi mbiu," Kobe alisema. "Huyu anasema fungeni. Anasema msingoje."

"Labda alijuta."

"Labda. Maabara wanasemaje?"

"Hakuna sumu. Hata chembe."

"Waambie wasiishie kwenye sumu. Wapime kila kinachopimwa kwenye maji."

Mfamasia aliletwa chumba cha mahojiano, suruali akiishikilia kwa mkono kwa kuwa mkanda alikuwa amenyang'anywa.

"Ulituma wewe?"

"Hapana, afande. Nina binti wa miaka minne. Anakunywa maji hayo hayo."

"Intaneti yako inatumiwa na nani?"

"Mimi, mke wangu na mama mkwe. Basi."

"Neno la siri?"

Mfamasia akainamisha kichwa. "Moja, mbili, tatu, nne... mpaka nane."

"Hilo si neno la siri," sajenti alidakia. "Hiyo ni hesabu ya chekechea."

"Fundi aliyeifunga aliniambia nibadilishe. Nikasema kesho. Kesho yenyewe ina miaka miwili sasa."

Jumatano saa nne walikuwa sebuleni kwake. Mke wa mfamasia, macho yamevimba, aliwaonyesha ruta, kisanduku cha intaneti, juu ya kabati, nyuma ya picha ya harusi. Chini yake bado ilikuwa na karatasi ya kiwandani, namba za siri zimeandikwa wazi. Sajenti akafungua kompyuta, akaingia, akaisoma orodha ya vifaa.

"Simu tatu. Runinga. Kompyuta ndogo. Hivyo vitano ni vyenu?"

"Ni vyetu."

"Na cha sita?"

Mke akatikisa kichwa. Kifaa cha sita hakikuwa na jina, tarakimu na herufi tu. Siku za kazi kilikuwa kikiingia saa sita na dakika kumi hivi, kikitoka kabla ya saa saba. Jumatatu pia.

Mke akainuka. "Basi nibadilishe hilo neno sasa hivi!"

"Bado, dada," Kobe alimzuia taratibu. "Ukimfungia mlango sasa, hatutamjua. Mwache aingie."

Kisha akamgeukia mama mkwe, aliyekuwa kimya kwenye kochi, mjukuu mapajani.

"Mama, kuna mtu uliyempa hizi namba?"

"Mimi? Mimi simpi mtu kitu."

Kobe alingoja. Kungoja ndiyo ilikuwa kazi anayoiweza.

"Labda yule fundi," bibi alisema hatimaye. "Lakini yule hahesabiki."

"Fundi gani?"

"Wa hapo nyuma, kwenye pampu. Mwezi uliopita alituzibia bomba la jikoni, hakutaka malipo. Aliomba intaneti tu, ya kutumia wakati wa chakula. Zamani mgeni aliomba maji, siku hizi anaomba intaneti. Ningemnyima?"

Wakasubiri hapo hapo sebuleni. Saa sita na dakika kumi na mbili, kifaa cha sita kikajitokeza kwenye skrini.

Sajenti alichukua kipimo chake cha mawimbi, wakazunguka ukuta na kuingia kituoni. Tarakimu zilipanda kila hatua: karibu na geti zilikuwa ndogo, kwenye mapipa ya klorini zikaongezeka, na mbele ya banda la vipuri zikakaribia mwisho. Hapo simu ya Kobe ikaita. Ilikuwa maabara. Alisikiliza, akakata, akasimama kidogo ameshika kiuno.

"Sumu hakuna," alimnong'oneza sajenti. "Ila kuna vijidudu vya kinyesi, tele. Maji taka yanaingia tangini."

Ndani ya banda, mwanamume wa miaka hamsini hivi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkate mkononi, simu magotini. Aliona sare zao. Akaweka mkate chini.

"Nilidhani mngekuja jana," alisema.

"Nani alitia sumu, fundi?"

"Hakuna aliyetia. Bomba la maji taka limepasuka ubavuni mwa tangi. Ufa unaingia kidole. Nilimwandikia meneja barua tatu. Ya kwanza akasema nisubiri. Ya pili akasema wakubwa wanakuja kuzindua pampu mpya, maji hayawezi kukatika wiki hiyo. Ya tatu aliichana nikiwa nimesimama."

"Kwa nini hukuja polisi?"

"Nilikuja, afande. Pale mapokezi nikaambiwa mambo ya maji niyapeleke idara ya maji."

Kobe aliliandika hilo daftarini. Sajenti akatazama viatu vyake.

"Barua ya maji machafu husubiri," fundi aliendelea. "Neno sumu halisubiri mtu. Na kweli, dakika kumi tu wakafunga."

"Na mfamasia? Amelala mahabusu kwa ajili yako."

Fundi alijifunika uso kwa viganja. "Nilidhani nikitumia mtandao wa mtu, ujumbe utapotelea hewani. Sikujua una njia ya kurudi mpaka mlangoni kwake. Jana niliposikia amekamatwa chakula hakikupita. Leo ningemaliza mkate huu nije."

Wengi huyasema hayo wakishakamatwa. Lakini kando ya ndoo palikuwa na mfuko wenye shati safi, mswaki, na nakala za barua tatu.

Meneja alikamatwa alasiri hiyo, ofisini. Sajenti alirudi kwa mama mkwe na kuitengeneza ruta. Alifuta neno la kiwandani, akasasisha programu yake, akazima kitufe cha kuunganisha bila neno la siri. Akamwambia mke atunge sentensi ndefu isiyobashirika, naye akaitunga huku anacheka na kulia. Mwisho akafungua mtandao wa pembeni, wa wageni.

"Mgeni akiomba, mama, mpe huu. Wa nyumbani ubaki wa nyumbani."

"Na fundi yule?"

"Yule kwa sasa hataomba."

Katika kituo cha polisi, mfamasia alikuwa akijifunga mkanda wake mapokezi Kobe alipomweleza yote. Alisikiliza amesimama, kisha akatafuta benchi.

"Yale maji yalikuwa hivyo kwa siku ngapi?"

"Nne. Hospitali ilipokea watoto kumi na mmoja waliohara. Wote wamepona. Hakuna aliyekufa."

Mfamasia alihesabu kwa vidole. "Jumamosi binti yangu aliharisha. Nikampa dawa, nikamwambia anywe maji mengi." Alitoa pumzi ndefu, mabega yakashuka. "Maji mengi! Mimi, baba yake, mfamasia!"

Aliinuka benchini. Kisha akaomba kumwona fundi.

Kobe aliwaacha mlango ukiwa wazi. Fundi aliinuka haraka, macho chini, pingu mikononi.

"Nisamehe, jirani. Hakimu atanihukumu, na ni haki yake. Lakini wewe nisamehe."

Mfamasia aliingia. Akavuta kiti, akaketi mbele yake, akamwomba Kobe karatasi na kalamu ya kuandikia maelezo ya shahidi upande wa fundi.

"Ungenigongea mlango tu, fundi," alisema. "Barua ya nne tungeiandika wawili."