Ufa Uliopona Haraka Mno

"Mkataba wa zege unasainiwa saa nne kamili. Una dakika ishirini." Simu ikakatika.

Chenga aliirudisha mfukoni mwa ovaroli, akaendelea kupiga deki.

Kwa Idara ya Usalama iliyompigia, alikuwa mpelelezi. Kwa shemeji yake, mhandisi mkuu wa maabara hii, alikuwa mjane wa kaka yake asiye na ajira. Ndiye aliyemtafutia kazi ya usafi.

Idara ilitaka jibu moja. Zege jipya la maabara hii linaziba nyufa zake lenyewe kweli, au serikali inauziwa mbuzi kwenye gunia? Bei yake ilikuwa maradufu. Daraja zima la reli lingejengwa nalo.

Alishasoma mafaili. Ufa ukiingia maji, bakteria waliolala ndani ya zege huamka na kutengeneza chokaa. Huchukua wiki kadhaa.

Jana jioni ufa wa kipande cha majaribio namba saba ulitosha kuingiza ukucha wake. Asubuhi hii umeziba.

Na kipande kilikuwa kikavu.

Alitoa tochi ya urujuanimno, ndogo kama kalamu. Akamulika.

Ufa uling'aa buluu.

Gundi. Chokaa haing'ai hivyo.

Nyuma yake, mlango ulifungwa kwa ufunguo.

"Shemeji, weka hiyo tochi chini."

Mhandisi alishika bastola aina ya Beretta kama mtu aliyeiazima.

"Nani amekutuma?"

"Kwani hii gundi umeitia wewe?"

Mhandisi alijitetea. "Zege halikuwa la uongo. Kwenye chupa lilifanya kazi. Kwenye mashine ya kuchanganyia, bakteria wengi wanakufa. Waliobaki wanataka wiki sita na maji kila siku. Nani angengoja? Muuzaji wa zege akasema nilisaidie kidogo."

"Treni ngapi zitapita juu ya msaada wako?"

Hatua zilisikika ngazini, na kupitia kioo cha mlango ilionekana suti ya kijivu ya muuzaji. Mhandisi akageuza shingo.

Chenga alipiga ndoo teke. Maji ya sabuni yakatapakaa, mhandisi akateleza, na kabla hajainuka mkono wake ulikuwa umepindwa mgongoni na bastola iko kwa Chenga.

Alibonyeza kifungo cha redio kilichofichwa kwenye kola. "Zege ni bandia. Zuieni saini."

"Imezuiwa," sauti ya Idara ilijibu. "Muuzaji?"

"Anapanda ngazi. Suti ya kijivu."

Kishindo kikasikika ngazini.

"Tunaye," redio ikasema.

Mhandisi aliketi kwenye maji, pingu za Chenga mikononi.

"Watoto utawaambia nini?"

Chenga alivua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza.

"Kwamba baba yao mdogo alikosa subira."

Akafungua mlango, akashuka ngazi bila haraka.