Hatua za Koridoni

Mimi nimewahi kukimbia shule tu, kingine sijakimbia. Ila hili la rafiki yangu kinyozi, mh! Alimpa fundi wa programu anayejitegemea kazi ya kumtengenezea gemu ya nyumba yenye giza. Sauti za hatua kinyozi alizirekodi mwenyewe, akiwa peke yake nyumbani: aliweka simu sakafuni, akatembea kwenda mwisho wa korido. Gemu ilipokuja, hatua zilikuwa za watu wawili. Kinyozi akampigia fundi simu:

"Kaka, mtoe huyo wa pili. Gemu inatakiwa jioni hii, na nimechoka."

"Hatoki, bosi. Yumo kwenye rekodi yako. Ni shemeji, nini?"

Kinyozi akasikiliza rekodi upya. Hatua zake zinakwenda mbali. Nyingine, za miguu mitupu, zinaisogelea simu. Mtu anashusha pumzi ndefu, kisha rekodi inazimwa, kinyozi bado anatembea.