Siku Koplo Alipopeleka Maombi Yake

Koplo aliacha jeshi miaka mingi iliyopita, lakini jeshi lilikuwa bado halijamwacha yeye. Kila asubuhi alitandika kitanda mpaka shuka linyooke kama limepigwa pasi. Kisha alikaa kibarazani kwake na kuanza kazi. Alikuwa fundi makochi. Alivua vitambaa vilivyochakaa, akabadilisha sponji, akagongelea misumari midogo.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea chumba cha mbele, karibu na dirisha.

"Baba watoto!" mke aliita asubuhi moja. "Niletee uzi!"

Koplo akaja mbio na ndizi mkononi.

"Nimesema uzi!"

"Si hii hapa? Imeiva vizuri tu."

Mke akacheka hadi machozi yakamtoka. Koplo naye akacheka, akaimenya ile ndizi, akaila mwenyewe. Lakini baada ya kicheko mke akakumbuka hatari iliyompata mumewe. Wiki iliyopita lori lilirudi nyuma kumwelekea Koplo pale barabarani. Dereva alipiga honi, watu wakapiga kelele, Koplo hakusikia kitu. Jirani ndiye aliyemvuta shati.

Masikio ya Koplo yaliharibikia jeshini, kwenye mizinga. Sheria ilimruhusu kuomba pensheni ya ulemavu. Kwa pesa hiyo angeweza kununua kifaa cha kumsaidia kusikia. Lakini kila mke alipomkumbusha, jibu lilikuwa lile lile.

"Bado cheti cha daktari wa masikio. Miadi yangu iko mbali. Mimi siendi gwaride na kifungo kimoja hakipo!"

Mchana huo alikuja mteja kuchukua kiti chake. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Zamani alikuwa sajini jeshini. Siku hizi alifanya kazi katika ofisi ya askari wastaafu.

"Koplo!" aliita.

"Afande!" Koplo akasimama wima, nyundo ubavuni.

Mke akatoka haraka. "Afadhali umekuja, dada yangu. Huyu shemeji yako anakusikia wewe peke yako. Mwambie apeleke maombi yake."

Sajini akaketi kwenye kiti chake kipya, akakijaribu kwa kujitikisa. "Kwani hujapeleka, Koplo?"

"Nangoja karatasi zikamilike, afande. Si nikikubaliwa mtanilipa tangu siku niliyoumia?"

"Nani kakudanganya?" Sajini akapaza sauti zaidi, ili asikose neno. "Hatuhesabu tangu siku uliyoumia. Tunahesabu kutokana na siku tulipopokea maombi yako. Malipo yanaanza tarehe mosi ya mwezi unaofuata."

Koplo akakuna kichwa. "Na cheti cha daktari?"

"Kitafuata. Unapewa mwaka mzima wa kukileta. Tarehe yako inabaki ile ile ya maombi."

"Na mkichelewa kunijibu?"

"Ukikubaliwa, unalipwa na miezi yote uliyongoja. Sisi tukichelewa, hupotezi kitu. Ukichelewa wewe kuomba, miezi hiyo imekwenda na maji."

"Lakini mwenzangu mmoja alilipwa tangu siku alipoacha jeshi!"

"Huyo aliomba kabla ya mwaka kwisha tangu aache jeshi. Wa namna hiyo tunamhesabia tangu kesho yake ya kuacha jeshi. Wewe, shemeji, basi hilo lilishaondoka. Panda hili lililopo."

Mke alikuwa akitazama kalenda ukutani. Ghafla akashika kiuno.

"Jamani! Leo si mwisho wa mwezi?"

"Ndiyo," alisema Sajini. "Akiomba leo, anahesabiwa kuanzia kesho. Akiomba kesho, mwezi mzima umempita. Na ofisi inafungwa saa tisa."

Koplo akaingia ndani kama anakimbia mvua. Mke akamfuata. Akamkuta anatafuta pasi.

"Unafanya nini?"

"Nanyoosha shati!"

"Shati halilipwi pensheni! Twende hivyo hivyo!"

Sajini akasimama mlangoni. "Koplo, hiyo ni amri!"

Basi wakatoka watatu. Koplo alikuwa na gundi mikononi na vumbi la sponji kichwani. Njiani aliona haya kila alipokutana na mtu anayemfahamu. Mke alimshika mkono, akamvuta.

Ofisini karani alikuwa ameanza kufunga madirisha. Sajini akakohoa tu, karani akarudi kuketi. Alimwuliza Koplo maswali, akajaza fomu, akampa kalamu atie sahihi. Akagonga muhuri wa tarehe ya siku hiyo, akampa nakala.

"Itunze hii, mzee," alisema. "Ndiyo ushahidi kwamba tumekupokea leo."

Miezi ilipita. Koplo alikwenda kwa daktari, akapeleka cheti. Wakati mwingine alilalamika kwamba wamemsahau. Mke akamwambia, "Lalamika, lakini malipo yako yanahesabiwa."

Siku moja jibu likaja. Maombi yamekubaliwa. Malipo yamehesabiwa tangu kesho yake ya siku ile ya gundi, pamoja na miezi yote ya kungoja. Mke alipiga kigelegele. Koplo akapiga saluti katikati ya chumba, na hakukuwa na afande wa kuipokea ila cherehani.

Walinunua kifaa. Daktari alimvalisha, akamwonyesha jinsi ya kukitunza. Jioni Koplo aliketi kibarazani akishangaa. Alisikia ndege. Alisikia watoto wakibishana mtaa wa pili. Alisikia mkewe ndani akijisemea taratibu huku akikata kitambaa:

"Huyu mzee wangu, na ukaidi wake wote, bado ni kijana mzuri."

"Nimesikia!" Koplo akajibu kutoka nje. "Rudia!"

Mkasi ukaanguka sakafuni. Na huo mlio nao aliusikia.