Mshale Kwenye Bomba la Tope

Likizo nzima, Chapuchapu alikuwa akishinda kwenye banda la kazi la shangazi yake. Jina hilo alibandikwa nyumbani kwa sababu kila kitu anakifanya mbiombio, hata kupiga mswaki. Shangazi alikuwa mtafiti: alichimba tope la kinamasi ili ajue watu wa kale walianza lini kulima pale.

"Yaani tope linaongea?" Chapuchapu alimuuliza.

"Linapiga soga kabisa! Tope la chini ni la kale, la juu ni la juzijuzi. Ukikuta mbegu za mazao kwenye tabaka fulani, ujue enzi hizo palikuwa na shamba."

Tope lilivutwa kwa bomba la plastiki, na kila bomba lilichorwa mshale wa kuonyesha upande wa juu. Chapuchapu ndiye aliyeyasafisha mabomba hayo kwa nje. Siku hiyo alisugua kwa kasi yake ileile na, lo, mshale ukaondoka na maji! Akaligeuza bomba huku na kule. Ncha zote nyeusi tii. Akachukua kalamu, akachora mshale mwingine kwa kubahatisha.

Mchana, binamu yake Twiga, mrefu kama nguzo, aliinama juu ya chekeche akiosha tope la bomba lile. Ghafla akapiga yowe.

"Mama! Punje za mtama! Zimeungua, na zimetoka chini kabisa!"

Shangazi akamkumbatia mwanawe, wakazunguka banda zima wakicheza. "Kumbe walilima zamani hivyo! Kesho kwenye mkutano wa watafiti watabaki midomo wazi!"

Chapuchapu naye alicheza, ila miguu ilikuwa mizito. Akinyamaza, furaha itaendelea. Lakini kama bomba lilikuwa kichwa chini, Shangazi atasimama mbele za watu aseme uongo bila kujua.

"Shangazi," akasema, "ule mshale nimeuchora mimi. Wa kwanza niliufuta kwa bahati mbaya. Sijui juu ni wapi."

Shangazi akaacha kucheza.

"We mtoto we!" Twiga akashika kichwa. "Unataka kutuua kwa presha?"

Shangazi alikaa juu ya ndoo, akashusha pumzi ndefu. Kisha akainuka. "Vaeni mabuti. Tunarudi kinamasini."

Walichimba palepale karibu na shimo la kwanza. Twiga alizama hadi kiunoni, na kumvuta ikawa kazi ya kucheka hadi machozi. Waliporudi, Chapuchapu aliosha tope taratibu, kijiko kwa kijiko. Chini kulikuwa na matete matupu; kumbe lile bomba la kwanza lilikuwa kichwa chini. Mtama ulikuwa juu, na pembeni yake kitu bapa, cheusi.

"Shangazi, hiki siyo mtama!"

Shangazi akakitazama kwa lenzi. "Mbegu ya boga! Jamani, walipanda mtama na maboga pamoja! Hii hatukuwa nayo kabisa!"

Safari hii Chapuchapu aliruka juu kuliko wote.

Shangazi akamshika bega. "Mwanangu, kufuta mshale ni ajali. Kuchora wa kubahatisha ndilo kosa, maana ningewasingizia watu waliokufa zamani, na wao hawawezi kuja kunikatalia. Usipojua, sema hujui. Sisi tutachukua mabuti, twende tukatafute."