Ukurasa wa Mhubiri Crabtree

Jumatatu asubuhi Verna Crabtree alikuta kiti cha jikoni kimelowa. Kilikuwa kile cha dirishani, ambacho hakijakaliwa na mtu tangu mumewe afe. Akatazama dari, kavu. Akakipangusa, akaingiza biskuti kwenye oveni, na alipogeuka kiti kilikuwa kimelowa tena. Jikoni palinuka tope la mtoni.

"Bibi, umeanza kujikojolea?" mjukuu wake Josie alimtania.

"Funga domo, kula."

Wiki ile Verna alikuwa na furaha mno hata asijali kiti. Mwanamke huyu, aliyekataa kuacha jina la baba yake hata alipoolewa, alikuwa amemsaka babu wa mababu zake kwa miaka kumi na mmoja: Mhubiri Jeptha Crabtree, Mbaptisti aliyevuka milima kuingia Kentucky na Biblia na bunduki, enzi za vita vya kumng'oa mfalme wa Waingereza. Chama cha mabibi wa ukoo wa wapiganaji wale kilitaka ushahidi wa maandishi kabla ya kumpokea. Ndipo daftari la kwanza la kanisa likapatikana darini kwa marehemu fulani, likakabidhiwa kwa Verna kwa kuwa ndiye karani wa kanisa.

Ukurasa mmoja ulisema Jeptha alihubiria askari na kupigana nao. Verna alilia kwa raha. Ukurasa mwingine ulisema kwamba mtumwa wa nyumbani mwake, mwanamke mweusi, aliliambia kanisa mtoto wake ni wa mhubiri. Jeptha akajitolea kumbatiza mwanamke yule kidimbwini mtoni, akamshikilia chini ya maji mpaka akaacha kurusha miguu. Kanisa likamtenga Jeptha miezi sita, kisha likampokea tena kwa mkono wa ushirika. Miezi sita! Walevi walitengwa mwaka mzima.

Jumapili usiku Verna alikuwa ameukata ukurasa ule kwa wembe, akauchoma ndani ya jiko.

Kesho yake kiti kikalowa, na tangu hapo maji hayakukoma. Jumatano yalikuwa nyayo za miguu mitupu kutoka jiko hadi kiti. Ijumaa adhuhuri, jua likiwaka, Verna alisikia mtu akikohoa maji nyuma yake, kikohozi cha mtu anayetafuta pumzi na haipati, kikasogea hatua kwa hatua hadi shingoni mwake, na ubaridi ukamshuka mgongoni, na harufu ya tope ikamjaa puani, naye akashindwa kugeuka kwa kuwa alijua kabisa ni nani atakayemwona. Jumapili Josie angebatizwa, mto uleule, kidimbwi kilekile.

Alikwenda kwa Ndugu Fugate, mchungaji mzee, akamweleza yote kwa kunong'ona.

"Dada Verna," mzee alisema taratibu, "umefanya nini?"

"Nililinda jina la ukoo."

"Na lake je? Hana kaburi, hana jiwe. Alikuwa na karatasi ile tu." Akavua miwani. "Simama mbele ya kanisa kabla mtoto hajaingia majini. Mwite kwa jina lake, useme alivyotendwa. Atatulia. Anaitwa nani?"

Verna alilisaka jina lile kichwani, asilipate. Wasaka mababu hujuana kwa ugonjwa huu: jicho huteremka ukurasani likitafuta jina la ukoo wao tu, na majina mengine hulipita kama magugu. Crabtree alilisoma mara sita. Lile jingine lilikuwapo, aliliona, wino wake alikumbuka, ila jina halikumkaa.

"Nitalitaja Jumapili," alisema.

Angeweza kukiri. Mzee angeahirisha ubatizo, watu wangemcheka wiki moja, yakaisha. Lakini karani achome daftari la kanisa, kisha asijue hata alichokichoma? Aibu ile ilimshinda. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Jumapili saa nne, kanisa zima likiwa ukingoni, Verna alisimama mbele yao. Alisimulia ubatizo ule, akamtaja Jeptha. Kisha akabuni.

"Aliitwa Hanna," alisema.

Wazee wakaitikia amina. Fugate akamzamisha Josie mara moja kama desturi, na maji yakafunga juu ya uso wake, yakatulia, na mzee akamvuta asije juu, akavuta tena kwa mikono miwili huku wanawake wakikatiza wimbo mmoja mmoja, mpaka msichana akainuka mwenyewe, polepole, macho wazi.

Wote wakashukuru. Wakajipanga kumpa mkono wa ushirika, mmoja baada ya mwingine, wakilia kwa furaha. Zamu ya Verna ilipofika, mkono alioushika ulikuwa baridi, ngozi imekunjamana kama iliyolowekwa siku nyingi. Josie akamwinamia sikioni.

"Hanna ni nani, Verna?"

Hakumwita bibi, na hajamwita hivyo tena.

Hati ya chama ilifika Julai, ikatundikwa ukutani. Kila asubuhi Josie hukaa kiti cha dirishani, maji yakimdondoka nywelani hata wakati wa kiangazi, akisubiri kuitwa. Verna huweka biskuti mezani, hujaribu majina.

"Dina? Filisi?"

Msichana hutikisa kichwa.