Madoa Ambayo Sikuyagusa

Nina miaka arobaini na mbili, ni muuguzi wa kituo kidogo cha afya hapa Butembo. Wakati wa Ebola nilijizoeza kumtazama mgonjwa kutoka ng'ambo ya meza. Ugonjwa ulipotulia, mimi nilibaki kulekule ng'ambo... na nilijisifu kwa hilo!

Mdogo wangu Kavira alikuwa akivuna kakao upande wa Oicha. Alinijia kituoni akilalamika kwamba vifundo vya miguu vinamuuma. Akapandisha kitenge. Miguu yote miwili ilijaa madoa mekundu. Nikasema ni wadudu wa msituni, nikampa dawa ya kupaka.

"Yaya, hata haunigusi?" aliniuliza, akiniita kama tunavyowaita ndugu wakubwa.

Nilicheka. Nikamwambia naijua kazi yangu. Kazi gani, jamani? Glavu zilikuwa kwenye droo, karibu na mkono wangu!

Akarudi shambani. Baada ya wiki mbili alinipigia simu: madoa yamekuwa ya zambarau, yamepanda mapajani, na mkojo una rangi ya chai isiyo na maziwa. Nilijua hao si wadudu... lakini nilimwambia anywe maji mengi. Sikutaka kukubali kwamba nilikosea.

Siku chache baadaye nilimkuta amelazwa hospitalini Beni, uso umevimba, macho hayafunguki vizuri. Daktari mmoja mzee alivaa glavu, akapitisha kidole juu ya madoa. Akaniambia nami nipapase. Yalikuwa yameinuka, kama mbegu chini ya ngozi. Akayakandamiza kwa glasi: rangi haikufifia.

"Ni mishipa midogo ya damu ndiyo iko inavimba," alisema. "Na mafigo imeshaharibika. Nani aliangalia hii ngozi kabla yangu?"

Nilitazama sakafu.

"Hapana mutu, docteur," Kavira alijibu.

Alinifichia aibu yangu mbele ya watu! Tulimzika kijijini Kipese kabla mavuno ya kakao hayajaisha, na mpaka leo mama hajui kwamba alianzia kwangu.

Wauguzi wenzangu, nawasihi. Mkiona madoa miguuni, vaeni glavu, yaguseni. Yakiwa yameinuka na hayafifii mkiyabonyeza, pimeni mkojo siku hiyohiyo, mpelekeni mgonjwa kwa daktari. Msiseme wadudu kwa kukisia. Mimi sasa humgusa kila anayeingia... ila mmoja tu ndiye aliyewahi kuniomba.